Meno ya vijana Emali: Maji kwanza, vyuma baadaye

MZAZI wa Emali anayewaza kumnyoosha mwanawe meno hukabiliwa na maswali mawili kabla ya lile la pesa. La kwanza linahusu maji ambayo mtoto huyo amekunywa tangu utotoni. La pili ni umbali uliopo baina ya boma lake na kiti cha daktari bingwa, kwani vyuma vya meno si kitu cha kuvalishwa siku moja kikasahauliwa.

Mji huo uko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, takriban kilomita 120 kutoka jiji kuu, pale ambapo barabara ya Loitokitok huchepuka kuelekea Mlima Kilimanjaro. Uko mpakani: upande mmoja ni Kaunti ya Makueni, upande wa pili ni Kajiado, na Wakamba na Wamaasai hukutana hapo sokoni na kwenye mnada wa mifugo. Bomba la maji la Nolturesh, lianzalo kwenye chemchemi za Loitokitok, hupita hapo na Sultan Hamud likielekea Machakos na Athi River. Hata hivyo, wako wengi katika ukanda huu ambao hutegemea visima virefu, na humo ndimo habari ya meno inamoanzia.

Miamba ya sehemu nyingi za Kenya, hasa Bonde la Ufa na maeneo yaliyopakana nalo, ina madini ya floraidi. Maji yanayokaa ardhini kwa miaka mingi huyayusha madini hayo na kuyabeba. Kwa kiasi kidogo floraidi huliimarisha jino. Ikizidi huliharibu jino lingali linajengwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika kila lita ya maji ya kunywa. Katika uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015, asilimia 41.4 ya watoto waliopimwa walikuwa na alama za floraidi kwenye meno yao. Ni idadi kubwa kuliko ile ya watoto waliokuwa na meno yaliyooza, ambao walikuwa asilimia 23.9.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaelezwa ni kwamba meno hayo hayachafuki baada ya kuota. Jino la kudumu la mbele hujengwa ndani ya taya tangu mtoto angali mchanga, na tabaka lake gumu la juu, yaani enameli, huwa limekamilika miaka kadhaa kabla ya jino lenyewe kuonekana. Kwa meno mengi, hatari hiyo huwa imekwisha mtoto afikapo miaka 8. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, enameli hubaki na vinyweleo vidogo. Jino huota likiwa na mistari myeupe kama ya chaki. Vinyweleo hivyo hunyonya rangi kidogo kidogo hadi jino linakuwa la manjano au kahawia. Hali ikiwa mbaya zaidi, enameli hubanduka na kuacha vishimo.

Kwa hiyo msichana wa miaka 14 ambaye meno yake ni ya kahawia hakuyasababisha kwa uvivu wa kupiga mswaki. Ni aibu aliyobebeshwa na maji ya kisima alipokuwa na miaka mitatu. Lakini ndiye anayeulizwa shuleni kwa nini hasafishi kinywa, ndiye anayecheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, na ndiye anayesugua meno kwa mchanga, jivu, ndimu au dawa ya kung'arishia nguo ili yawe meupe. Mbinu hizo zote huondoa enameli, ambayo haiwezi kumea tena, na jino hubaki likiuma kila linapoguswa na maji baridi.

Tiba ipo, ingawa inategemea kina cha madoa. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa na daktari kwa kusugua uso wa jino kwa asidi hafifu iliyochanganywa na unga maalumu, au kwa dawa ya kung'arisha inayotumiwa chini ya uangalizi wake. Madoa mazito huhitaji kufunikwa kwa simiti ya meno yenye rangi ya jino, au kwa gamba jembamba la kauri, ambalo ni ghali na ambalo madaktari wengi hupendelea kulisubirisha hadi kijana amalize kukua.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Yakichemka sana huzidisha ukali wake, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke ilhali madini hubaki chunguni. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii, wala dawa ya kuua vijidudu. Njia iliyothibitika nchini ni ya makaa ya mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri, husagwa na kupakiwa kwenye chujio, nayo huinasa floraidi. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiendesha mradi wa machujio ya namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye paa hayana floraidi ya kuhesabika. Familia yenye tangi dogo tu inaweza kuyatenga kwa ajili ya watoto wachanga na wale wasiofika miaka 8, huku kisima kikitumika kwa kazi nyingine. Magadi yanayotiwa katika maharage au mahindi ili yaive haraka nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, jambo ambalo limegunduliwa pia upande wa Tanzania.

Kiasi cha floraidi hutofautiana kati ya kisima na kisima, hata vikiwa jirani. Haionekani, haina harufu, na ladha ya chumvi si kipimo chake. Hujulikana kwa maji kupimwa katika maabara, na kamati ya kisima inayouza maji haina udhuru wa kutoonyesha matokeo ya kipimo hicho.

Meno yaliyopangika vibaya

Nje ya rangi, kuna mpangilio. Mwaka wa 1996 kulichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 919 wa Nairobi wenye umri wa miaka 13 hadi 15, na asilimia 72 kati yao walionekana kuwa na kasoro ya aina fulani katika mpangilio wa meno au taya. Idadi hiyo isimtishe mtu. Inajumuisha jino lililopinda kidogo na lisilomdhuru mwenyewe. Wanaohitaji tiba hasa ni wachache: wale ambao meno ya juu yamechomoza kiasi cha midomo kutofunga, wale ambao meno ya chini huuma kaakaa, wale ambao meno ya mbele hayakutani hata wakifunga kinywa, na wale ambao meno yamesongamana hata mswaki haufiki.

Mwanya ni habari nyingine kabisa. Katika sehemu nyingi za Kenya, kuanzia Pwani hadi bara, mwanya wa meno ya mbele ya juu ni urembo unaosifiwa, na mtu hana haja ya kuuziba kwa sababu tu picha za magazeti ya ng'ambo zinaonyesha meno yaliyobanana. Mwanya si pengo. Pengo ni nafasi ya jino lililong'oka, na hilo ndilo la kuangaliwa, kwa sababu meno ya jirani huinamia nafasi hiyo.

Fikra za urembo wa meno, hata hivyo, hubadilika. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Kikamba walichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, desturi iliyoelezwa na Gerhard Lindblom wa Sweden katika kitabu chake kuhusu Wakamba kilichotoka mwaka wa 1920. Leo haifuatwi tena, na wajukuu wa waliochongwa ndio wanaotaka kuvishwa vyuma. Kwa Wamaasai, desturi ilikuwa kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, na sababu iliyotolewa aghalabu ni kwamba mgonjwa wa pepopunda aliyefunga taya angeweza kunyweshwa kupitia hapo. Kung'oa jino zima humpa kijana taya ya chini iliyopungukiwa, na meno ya pembeni huanza kusogea.

Mila yenye madhara makubwa zaidi ni ile ya kuchimbua fizi za mtoto mchanga ili kutoa chipukizi za chonge, zinazodhaniwa kuwa ndizo zinazoleta homa na kuhara. Tanzania huitwa "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Chombo kinachochimbua chonge ya utotoni hugusa pia mbegu ya chonge ya kudumu iliyo chini yake. Kijana anapofika miaka 11 au 12, chonge huota mahali pasipo pake, huota ikiwa na kasoro, au haioti kabisa. Mtoto anayeharisha huhitaji maji ya chumvi na sukari na huduma ya zahanati.

Sababu za kawaida zaidi ni urithi wa taya ndogo kwa meno makubwa, kunyonya kidole hadi meno ya kudumu yanapoota, na kung'olewa mapema kwa magego ya utotoni yaliyooza. Hili la mwisho hupuuzwa kwa kuwa "yataota mengine". Gego la utotoni huwa limelinda nafasi. Likitoka mtoto akiwa na miaka 6, lile la nyuma yake husogea mbele, na mrithi wake huja akute mlango umefungwa. Kuziba tundu la gego hilo mapema ni rahisi kuliko vyuma vya miaka miwili baadaye.

Safari ya vyuma

Tiba ya kawaida kwa barobaro huanza meno ya kudumu yanapokaribia kukamilika, aghalabu kati ya miaka 11 na 14, na huchukua miezi 18 hadi 24, wakati mwingine zaidi. Daktari hubandika vibati vidogo juu ya kila jino na kupitisha waya unaoyavuta polepole. Kila baada ya wiki 4 hadi 8 mgonjwa hurudi ili waya ukazwe au ubadilishwe. Vyuma vikiondolewa, huvaliwa kifaa cha kuyashikilia meno, kwa kawaida usiku na kwa muda mrefu. Asiyekivaa atayaona meno yakirudi yalikotoka.

Kwa mkazi wa Emali hiyo ni hesabu ya safari zisizopungua kumi, na huenda zikafika ishirini, kwani madaktari bingwa wa tawi hili wamejazana Nairobi, Mombasa na miji mingine mikubwa. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Makueni iliyoko Wote ndiyo mahali pa kwanza pa kupimwa na kupewa barua ya rufaa. Kwa wa Kitui ni hospitali ya rufaa ya kaunti yao. Nairobi kuna Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo ambacho kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka wa 1974. Tangu 2017 garimoshi la Madaraka Express, lile linalosimama kila kituo, limekuwa likipakia abiria Emali, lakini nauli na siku ya shule iliyopotea bado zimo katika gharama.

Vyuma vilivyobandikwa na kutofuatiliwa ni hatari kuliko meno yaliyopinda. Waya uliolegea huvuta jino upande usiotakiwa. Chakula hunasa kandokando ya vibati, na ndani ya miezi michache huanza madoa meupe ya kuoza. Mzazi asiye na uhakika wa kuzimudu safari zote afadhali angoje. Meno hunyooshwa hata ukubwani.

Hapa ndipo maji na vyuma hukutana. Gundi inayoshika vibati hushikilia vibaya kwenye enameli iliyoharibiwa na floraidi, hivyo vibati hubanduka mara kwa mara. Daktari aliyeambiwa mapema atalitayarisha jino kwa namna nyingine. Wa Nairobi aliyezoea meno meupe anafaa kuelezwa mgonjwa alikokulia na maji aliyokunywa, hata asipouliza.

Kijana mwenye vyuma hupiga mswaki kila amalizapo kula ikiwezekana, na bila kukosa usiku kabla ya kulala, akipitisha bruashi juu na chini ya waya. Atajiepusha na mifupa, mahindi ya kuchoma, miwa ya kumenya kwa meno na peremende za kunata. Soda anayonywa kidogo kidogo kutwa nzima humdhuru kuliko ile aliyoinywa mara moja na chakula. Kijiti cha mswaki, ambao Wakamba huuita mukayau, ni kizuri kwa meno yasiyo na vyuma kikitumiwa taratibu, ila hakipenyi chini ya waya.

Wako wazazi waliotupa dawa ya meno yenye floraidi wakidhani ndiyo iliyoleta madoa. Kwa barobaro hilo ni kosa, kwani enameli yake imekwisha kujengwa na dawa hiyo inamkinga asioze. WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2021. Wa kuangaliwa ni mtoto aliye chini ya miaka 6: apewe kiasi cha punje ya mbaazi au pungufu, na ateme badala ya kumeza.

Ajali za bodaboda na michezo nazo huyang'oa meno ya mbele. Jino la kudumu lililong'oka zima lishikwe upande wa juu na si kwenye mzizi, lisafishwe kwa maziwa au kusuuzwa kidogo kwa maji bila kusuguliwa, kisha lirudishwe kwenye tundu lake. Ikishindikana liwekwe ndani ya maziwa, na mgonjwa afike kwa daktari kabla ya saa moja kupita. Jino la utotoni halirudishwi.

Kuna jambo moja la kuchunguza kabla ya kulipa senti yoyote. Baadhi ya saluni na wauzaji wa mitandaoni hubandika vyuma vya mapambo kama wanavyobandika kucha. Anayeruhusiwa kunyoosha meno ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya (KMPDC), na daftari la baraza hilo huonyesha jina lake, mwaka wa leseni na iwapo ni bingwa wa tawi hili. Mzazi ana haki ya kuuliza bei ya tiba yote kwa maandishi, ikiwemo ya kifaa cha kushikilia meno mwishoni, na nani atakayemhudumia mwanawe iwapo daktari huyo atahama kabla ya vyuma kutolewa.