Lebo waliyobandikwa watu wa Kasigau

Watu wangu, ukitoka Voi kwenda Mombasa, ukifika Maungu tazama kulia. Mlima ule ni Kasigau. Mwaka 1915, Waingereza na Wajerumani wakipigana huku kwetu, Waingereza waliamua watu wa Kasigau wanasaidia adui. Si mtu fulani, ni mlima mzima. Wakahamishwa hadi Malindi, na wengi wakafia huko. Waliosalia walirudi miaka ya 1930, vita vimeisha kitambo.

Nimewakumbuka kwa sababu siku hizi nasoma jinsi simu zetu zinavyolindwa, na huko pia kila kitu kina lebo.

Zamani kwenye Unix, mwenye faili ndiye aliyeamua nani aisome. Halafu kulikuwa na rooti, msimamizi asiyeulizwa kitu. Programu yake ikitekwa, mashine imeenda! Desemba 2000, NSA, majasusi wa Marekani (ndio, hao hao), wakatoa SELinux bure. Mwaka 2003 ikaingia kwenye Linux 2.6, na 2014 Android 5.0 ikaitumia kikamilifu. Kila programu ina lebo, kila faili ina lebo, na kama hakuna sheria inayoruhusu hizo mbili zikutane, jibu ni hapana, hata kwa rooti.

Anayeandika programu kwa lugha ya C ana fanksheni zake. getcon inakuambia lebo yako mwenyewe, getfilecon inasoma ya faili, setfilecon inaibadilisha. Lakini hiyo ya mwisho nayo huomba ruhusa. Ikinyimwa inarudisha -1, basi.

Sasa hapa ndipo watu hukesha. Ukihamisha faili kwa mv ndani ya diski moja, inaenda na lebo yake ya zamani. Ukinakili kwa cp, nakala kwa kawaida huchukua lebo ya folda mpya. Tovuti inagoma usiku kucha, kumbe faili bado ina lebo ya ilikotoka. Unaandika restorecon, inapewa lebo ya pale ilipo.

Watu wa Kasigau walihamishwa kwa mv. Walifika Malindi na lebo ya usaliti shingoni, na restorecon yao ilichukua miaka ishirini hivi. Tena SELinux ikikunyima kitu, kwa kawaida huandika kwenye logi: nani alikataliwa, alitaka kufanya nini, kwa lebo gani. Mwenye mashine anaweza kuisoma asubuhi na kurekebisha sheria.