Mguu wa mende na mlango wa sodiamu

Historia ya dawa za wadudu hapa kwetu huandikwa kama historia ya mashamba na kampeni za serikali. Mimi naomba nianzie mahali padogo zaidi: mguu wa mende.

Mwaka 1946 Kenneth Roeder na Elizabeth Weiant, huko Massachusetts, walichapisha majaribio yao ya DDT. Sumu hiyo ilikuwa bado mpya. Paul Müller aligundua nguvu yake dhidi ya wadudu mwaka 1939. Kila mtu alishaona mende aliyepata DDT anavyotetemeka miguu mpaka anakufa. Swali likawa, tetemeko linaanzia wapi? Kwenye msuli? Kwenye neva inayouamrisha msuli? Wakakuta kwamba kwa dozi ndogo kinachovurugika ni neva za hisia, zile zinazompa mende habari kwamba mguu wake umekanyaga au umebanwa. Neva ambayo ingetoa mdundo mmoja wa umeme ilitoa midundo mfululizo. Yaani mende alikuwa anadanganywa na miguu yake mwenyewe.

Sababu ya ndani zaidi ilisubiri kazi ya Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, kwenye neva nene ya ngisi. Neva ikitulia, sodiamu (hiyohiyo iliyomo kwenye chumvi yako ya ugali) hujaa nje yake. Ikisisimuliwa, milango midogo hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na umeme hubadilika. Kisha milango hujifunga, yote hayo ndani ya elfu moja au mbili za sekunde. Kujifunga huko ndiko kunakoufanya mdundo uwe mmoja. Sasa fikiria lango la zizi ambalo mtu ameliwekea jiwe lisifunge. DDT ndiyo jiwe hilo, na pareto vilevile.

Pareto tunaijua. Ua lake lilitoka Dalmatia, Kenya ikaanza kulilima miaka ya 1920, na vita vilipowakatia wakubwa bidhaa ya Japani, nyanda za juu za Afrika Mashariki zikapata soko. Kwetu hulimwa Iringa na Mbeya, na kiwanda kiko Mafinga. Dodoma ni pakavu mno kwa ua hilo. Kilichotufikia huku ni watoto wake wa maabara, kwa sababu dawa ya ua huharibiwa na jua upesi. Michael Elliott wa Rothamsted, Uingereza, alitangaza pamethrini mwaka 1973, nayo inavumilia jua. Ndugu zake leo wako kwenye bomba la mgongoni la kila mfugaji.

Mjomba wangu kule Hombolo hupulizia ng'ombe dawa ya kupe bila glavu. Jioni moja nilimkuta anajipangusa mashavu.

"Vipi, mjomba, kuna nini?"

"Uso unawaka tu. Kama nimepakwa pilipili."

Hakuwa na upele wala uvimbe. Ni neva za hisia za ngozi yake, milango imeshikiliwa, zinapeleka kichwani habari za moto usiokuwepo. Hali hiyo kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Binadamu ananusurika kwa sababu milango yake haishikiki kirahisi kama ya mdudu, mwili wake una joto (dawa hizi huuma zaidi kwenye baridi), na ini lake huzivunja haraka. Hata hivyo nilimnunulia glavu. Anazitumia akikumbuka.

Kinachonisumbua zaidi ni chandarua. Vyandarua vya kudumu vilivyoanza kutengenezwa Arusha mwaka 2003 vilitiwa pamethrini, na vyandarua vyenye dawa vimeokoa watoto wengi mno, hilo halina ubishi. Ila kwa miaka mingi dawa zote za vyandarua zilibisha mlango uleule. Na onyo lilikuwepo! Mwaka 1951 Busvine aliandika kuhusu nzi wa Italia waliostahimili DDT, na pareto nayo ikawa haiwaangushi. Mlango wao ulikuwa umebadilika umbo, jiwe halikai. Mwaka 2000 badiliko la namna hiyo likaripotiwa kwa mbu wa malaria wa Kenya: kiungo kimoja tu cha protini ya mlango, lusini, kimekuwa serini.

Mbu ana hila nyingine pia, ya kuivunja dawa mwilini. Ndiyo maana jaribio la Muleba, lililochapishwa mwaka 2018, lilitumia vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya kuzuia uvunjaji huo, na malaria ikapungua kwa watoto. Lakini mlango uliobadilika haurudi ulivyokuwa kwa njia hiyo. Kule Misungwi, kwenye matokeo ya mwaka 2022, chandarua kilichofanya vizuri zaidi kilikuwa na klofenapiri pamoja na dawa ya zamani. Klofenapiri haigusi neva kabisa. Inamvizia mbu kwenye mitokondria, pale seli inapotengeneza nguvu zake.