Kutoka Kibaba Hadi Kalori: Nani Alitupimia Chakula Chetu?

Anayetaka kupunguza uzito siku hizi, awe Wete, Chake Chake au Mkoani, hupewa tarakimu kabla hajapewa ushauri. Simu humwambia ale kalori 1,200 kwa siku, kisha humwambia kwamba mtu mzima wa kawaida anahitaji 2,000. Tarakimu hizi hupokewa kana kwamba zimeteremshwa kutoka mbinguni. Hoja yangu ni kwamba zina historia na zina makusudi ya waliozitunga, na asiyeijua historia hiyo ni rahisi kujidhulumu nazo.

Tuanze nyumbani. Kabla ya kalori palikuwa na kibaba. Vibaba vinne hufanya pishi moja, kipimo ambacho bado twakitaja kila tunapotoa zaka ya Fitri. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, posho ya mpagazi kwa siku ilihesabiwa kwa kibaba kimoja cha nafaka. Kibaba cha mchele mkavu ni takriban gramu 600 hadi 700, na mchele huo una kalori zipatazo 2,200 hadi 2,500. Maana yake ni kwamba pwani ilikwishakadiria haja ya mtu mzima kabla maabara hazijaikadiria. Hata hivyo, tusikitukuze kibaba kupita kiasi. Aliyepima alikuwa mwenye msafara, na alichopima ni kiasi cha kumwezesha mwingine kubeba mzigo wake.

Kalori nayo ilianza kwa swali la namna hiyo hiyo. Kalori ya chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya selsiasi. Katika miaka ya 1890, Wilbur Atwater, mwanakemia wa Marekani, aliwaweka watu ndani ya chumba maalumu na kupima joto lililotoka miilini mwao. Kwake tumerithi kanuni inayotumika hadi leo: gramu ya wanga au protini hutoa kalori 4, na gramu ya mafuta hutoa 9. Lililomshughulisha halikuwa unene. Alitaka kujua mfanyakazi mwenye ujira mdogo anunue chakula gani ili apate nguvu nyingi kwa fedha chache.

Aliyeigeuza kalori kuwa chombo cha kupunguza uzito ni daktari Lulu Hunt Peters wa California, katika kitabu chake cha mwaka 1918. Marekani ilikuwa vitani, wananchi wakihimizwa kubana chakula, na unene ulianza kuhesabiwa kuwa kukosa uzalendo. Yeye ndiye aliyeieneza 1,200. Tuiweke tarakimu hiyo kando ya nyingine. Mwaka 1945, huko Minnesota, Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kiume takriban kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita ili kuchunguza athari za njaa. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa dhaifu na wenye huzuni, na hawakuwaza ila chakula. Kilichoitwa njaa katika utafiti huo kilikuwa kingi kuliko kile ambacho simu zetu leo hukiita mpango wa mlo.

Mwaka 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilimbuni mtu wa kupimia mataifa yote: mwanamume wa miaka 25, kilo 65, anayeishi mahali penye wastani wa joto la nyuzi 10. Huyo alipewa kalori 3,200. Pemba haijapata kuwa na siku ya nyuzi 10. Ama ile 2,000 inayosomwa kwenye pakiti za biskuti, ilichaguliwa na wakuu wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa wamependekeza 2,350, wakaishusha kwa kuwa 2,000 ni rahisi kukumbuka na haitawahimiza watu kula sana. Ilikusudiwa kulinganisha bidhaa dukani, haikukusudiwa kuwa haja yako wewe.

Kwa Mpemba jambo hili lina uzito wa pekee. Kisiwa hiki kiliwahi kuilisha Mombasa kwa mpunga wake. Baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, karafuu ilitawala Pemba, na sisi tukazoea mchele wa kuletwa kwa meli. Burma ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, mchele uliadimika na muhogo ukarudi sufuriani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mzee Karume ilizuia uingizaji wa vyakula kwa hoja ya kujitegemea, na wazee wetu wanaukumbuka wakati ule kwa jina moja tu: njaa. Mama aliyepitia foleni zile hawezi kumwona mwanawe akiacha wali sahanini na moyo wake ukatulia. Anayemshauri Mpemba apunguze kula bila ya kuyajua haya hatasikilizwa.

Hata hivyo, kisukari na shinikizo la damu yamo majumbani mwetu, na kalori, pamoja na kasoro zake, ni chombo chenye manufaa kikitumiwa kama makadirio. Haja ya mtu hutegemea umri, jinsia, kimo, uzito na kazi: mchumaji karafuu na karani hawana kibaba kimoja. Kupunguza takriban 500 kutoka katika kile mtu anachokula hasa ni mwanzo wa kiasi. Mwili ukipungua, haja yake nayo hupungua, kwa hiyo kasi ikififia si dalili ya uvivu. Mwenye mimba, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari waanzie kwa daktari.

Hesabu yenyewe ianzie jikoni kwetu. Gramu 100 za wali mweupe ni kalori 130 hivi. Tui zito la uzani huo huo hukaribia 230. Kijiko kikubwa cha mafuta ni 120, na kijiko cha chai cha sukari ni 16. Mwenye kunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekunywa karibu kalori 200 bila ya kushiba. Hapo pana nafasi ya kupunguza bila ya kumgusa samaki wala mchicha.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kinachojaa kwa haba hupungua kwa haba. La msingi, ndugu msomaji, ni kwamba safari hii mpimaji uwe wewe mwenyewe, na upime kwa ajili ya siha yako.