Maji yaliyoponea chupuchupu

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Kule Austria, kwenye milima ya Alps, kuna maporomoko ya Krimml: mita 380, yanashuka kwa hatua tatu. Waendesha baiskeli huanzia hapo safari ndefu ya njia ya Tauern, ila ukitaka kuyaona kwa karibu unapanda kwa miguu.

Njia hiyo ya miguu iliboreshwa na chama cha wapanda milima mwaka 1879. Miaka kumi baadaye Ludwig Purtscheller, mwalimu wa michezo kutoka Salzburg, mkoa huo huo, akafika kileleni Kilimanjaro na Hans Meyer. Dunia ndogo, bwana!

Sasa sikilizeni. Watu wa umeme waliyamezea mate maji hayo kwa miaka mingi. Mimi niliyewahi kuandika habari kwa mshumaa wakati wa mgawo siwezi kuwacheka. Lakini miaka ya 1950 wananchi walikataa katakata, na mwaka 1967 Baraza la Ulaya likayatunuku diploma ya hifadhi.

Mgeni hulipa kiingilio, na fedha hiyo hutunza njia ile ile.