Sauti za telefone za zamani na namna ya kuzifungua tena

Waliokimbia mapigano ya Salamabila hawakubeba makabati. Telefone ndogo ilibebeka, na ndani yake karte ya memori isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Humo mnaweza kuwa na harusi, mahubiri, au sauti ya mzee aliyekwisha kufariki akitaja mipaka ya shamba lake. Karte ikitiwa kwenye ordinatere na faili ikafunguliwa kwa Firefox au Chrome, hakuna kinachosikika. Watu wanasema karte imekufa. Mara nyingi haijafa.

Jambo hili lilianza mwaka 1999, pale 3GPP, shirika linalopanga kanuni za telefone za mkononi, lilipochagua AMR kuwa namna ya kubana sauti. Ilitengenezwa kwa maongezi, si kwa muziki, na ngoma iliyorekodiwa humo inalia kama bati. Lakini ilikuwa nyepesi ajabu. Dakika moja haifiki kilobaiti 100, na karte ya gigabaiti 1 inaweza kubeba zaidi ya saa 160 za usemi. Kwa hiyo hata Nokia ya bei ndogo iliweza kuwa kinasa sauti cha jamaa nzima. Video zake, za 3GP, mara nyingi zilikuwa na pikseli 176 kwa 144, picha ndogo kama stempu.

Intaneti ilipita njia nyingine. Redio nyingi za mwanzo kusikika huko zilitumia RealAudio, iliyotoka mwaka 1995. Baadaye kurasa nyingi zilipigia sauti na video ndani ya Flash. AMR ilikuwa na hati za uvumbuzi zilizodai malipo, na programu za kufungulia kurasa kwenye ordinatere hazikuipokea. Flash nayo haikudumu: Adobe iliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuia kazi zake zisifunguke. Kumbe hata matajiri wa Ulaya na Marekani walipoteza vitu vyao kwa siku moja, bila risasi kulia.

Dawa ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Tarehe 5 Desemba 2019 shirika la W3C lilipitisha WebAssembly, kanuni inayoruhusu programu zilizoandikwa kwa lugha za ordinatere kama C na Rust kuendeshwa ndani ya ukurasa wa intaneti. Programu ya Ruffle ikaanza kucheza kazi za Flash kwa njia hiyo, na Novemba 2020 maktaba ya Internet Archive ikaitumia kufungua michezo na katuni za zamani. FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, nayo imegeuzwa hivyo hivyo. Inasoma AMR na 3GP, kisha inazitoa kwa sura mpya kama MP3.

Hapa kuna tofauti ambayo jamaa za Kabambare na Kasongo zinapaswa kuijua. Kurasa mbili za kugeuza sauti zinaweza kufanana kabisa. Moja inapeleka faili kwenye mashini ya mtu mwingine, ng'ambo, isijulikane nani ataisikiliza. Nyingine inafanya kazi yote ndani ya ordinatere iliyo mbele yako. Kwa wimbo wa harusi, si neno. Kwa ushuhuda unaotaja nani alichoma nyumba ya nani, tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Kipimo ni rahisi: fungua ukurasa, ungoje umalize kupakia, kata intaneti, ndipo ugeuze faili. Ikishindikana, usiipeleke huko. VLC, programu ya bure inayowekwa kwenye ordinatere, inasikiliza AMR bila intaneti kabisa.

Kabla ya yote, nakili karte nzima mahali pa pili. Na faili ya kwanza isifutwe baada ya kugeuzwa: MP3 haiongezi usafi wowote juu ya kile telefone ilichosikia siku ile, na karte za zamani mara nyingi hazitoi dalili kabla ya kuharibika.