Jinsi Ilivyoonekana Mishipa ya Damu Iliyo Nyuma ya Jicho

Mzee wa Mbinga, au wa pwani ya Ziwa Nyasa huko Liuli na Mbamba Bay, akipungukiwa na nuru ya macho, neno la Kiswahili lililo karibu ni mtoto wa jicho. Neno hilo ni sahihi kwa ugonjwa mmoja: lenzi huingia ukungu, na ukikomaa hata asiye tabibu huona weupe katika mboni, nao hutibiwa kwa kupasuliwa. Lakini uko upofu mwingine wa uzeeni, unaokula katikati ya mwono. Mzee huona mitumbwi iliyo pembeni, wala haoni uso wa mjukuu aliye mbele yake. Ubaya u nyuma ya jicho, katika doa la manjano la retina, na katika tabaka la mishipa myembamba inayolilisha kwa chini.

Mishipa ya jicho ilikawia kujulikana. Mwanzoni mwa karne ya 19, Purkinje wa Bohemia alichezesha taa kando ya jicho lake, akaona kivuli cha mishipa yake mwenyewe kimetanda mfano wa matawi. Mwaka 1851 Helmholtz wa Ujerumani alitangaza kioo cha kutazamia jicho la mtu mwingine. Mwaka 1961 Novotny na Alvis, wanafunzi wa Indiana, Marekani, walieleza namna ya kutia rangi katika mshipa wa mkono na kuipiga picha ikipita katika retina. Hata hivyo, katika tabaka la chini rangi huvuja upesi na kufunika yote. Mishipa iliyotafutwa hasa ikabaki imefichika.

Ndipo mwaka 1991 David Huang na wenzake walipochora matabaka ya retina kwa nuru. Miaka ya 2010 ufundi huo ulitumiwa kupiga mahali pamoja mara kwa mara: kinachobadilika ni damu inayokwenda. Bila sindano, ikaonekana mishipa ya chini imepungua kwa wagonjwa. Kama hufa kwanza mishipa au chembe inazozilisha, wataalamu wangali wakibishana.

Waliodhani kuwa ni maradhi ya Wazungu walijibiwa na uchunguzi wa Nakuru, Kenya, wa 2007–2008: katika watu wa miaka 50 na zaidi, yapata 11 kwa 100 walikuwa na dalili za mwanzo.

Kwa mzee wa Liuli jina si jambo dogo. Akiambiwa ni mtoto wa jicho, atangoja kisu kisichoweza kumrudishia katikati ya mwono. Amsler wa Uswisi aliacha kipimo chepesi, karatasi ya miraba: mzee hufunika jicho moja, hutazama nukta ya kati, husema kama mistari imepinda.