Maungio ya tembe (Kibakwe)

Tembe ni nyumba ya mstatili yenye paa bapa la udongo, makazi ya asili ya Wagogo na majirani zao wa nyanda za kati za Tanzania, eneo ambamo Kibakwe ipo, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma.

Ukuta wa tembe haubebi paa. Mzigo wote huangukia nguzo, nao si mdogo: udongo mkavu ulioshindiliwa una takribani kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, hivyo tabaka la sentimita 15 hufikia kilo 240 kwa kila mita ya mraba, na mvua huzidisha. Fundi huteua mti wenye panda, ulio mgumu kwa mchwa, kama mpingo, akauchimbia chini na kulaza mtambaapanya ndani ya panda hiyo. Msumari hauhitajiki, kwa kuwa uzito wenyewe ndio unaokaza kiungo. Mitambaapanya miwili ikikutana, ncha zake hupishana juu ya panda, kamwe si hewani kati ya nguzo mbili. Hufuata mapao, fito zilizobanana, majani, kisha udongo. Fito za ukuta hufungwa kwa kamba za magome, likiwemo la mbuyu, kamba hizo zikiwa bado na unyevu, nazo zikikauka hujibana. Huu ni ufundi wa akili nyingi, na ni haki uandikwe mafundi wake wangali hai.

Paneli za povu la polistirini, zinazotumika kwingineko kujengea vibanda vya haraka, zina shida iliyo kinyume na ya tembe. Mita ya ujazo ina kilo 15 hadi 30 tu, kwa hiyo hakuna uzito wa kubana kiungo na upepo unaweza kung'oa paa. Kingo huchongwa ulimi na mfereji, zikapakwa gundi isiyo na petroli, maana petroli huyeyusha povu, kisha huvikwa wavu na lipu ili kuzuia moto na jua. Mshono ulioachwa wazi hupitisha maji.

Tukirudi kwa tembe, Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilihamishia Wagogo wengi katika vijiji vilivyopangwa, na nyumba za bati zikaongezeka. Bati ni jepesi na halivuji kwa urahisi, lakini mchana huchoma mno kuliko udongo.

Tembe hudhoofikia miguuni, pale nguzo inapoingia ardhini. Fundi husimamisha nguzo mpya kando ya iliyooza, akaikaza chini ya mtambaapanya, ndipo aing'oe ya zamani, bila paa kushushwa.